Damu Baada ya Kisu

Naanzia mbali, Florida huko Marekani, kwa mtu ambaye hata asiyejua raketi hushikwa upande gani amewahi kulisikia jina lake: Serena Williams. Tarehe 1 Septemba 2017 Serena alijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji wa dharura, kwa sababu mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yakishuka mno kila uchungu unapobana. Mtoto akatoka salama, mama salama, jamaa wakafurahi. Kesho yake Serena akaanza kukosa pumzi.

Hakuwa mgeni wa hali hiyo. Mwaka 2010, muda mfupi baada ya kutwaa ubingwa wa Wimbledon, alikanyaga vioo ndani ya mgahawa mmoja mjini Munich, Ujerumani. Akafanyiwa upasuaji wa mguu mara mbili, na mapema mwaka 2011 akakutwa na mabonge ya damu mapafuni. Tangu hapo aliishi akijua kwamba damu yake ina wepesi wa kuganda mahali isipotakiwa. Na safari hii, kwa kuwa alikuwa ametoka kupasuliwa, dawa alizokuwa akitumia kuzuia damu isigande zilikuwa zimesimamishwa.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, yaliyotoka katika jarida la Vogue mwanzoni mwa mwaka 2018, alitoka chumbani ili mama yake asiingiwe na hofu, akamwendea nesi wa karibu, akamwambia huku anahema kwamba anahitaji kipimo cha CT na dripu ya heparini, na anavihitaji sasa hivi. Alitaja kipimo, akataja na dawa ya kuzuia damu isigande. Nesi akadhani dawa za maumivu zimemvuruga akili. Akaja daktari, akampima miguu kwa altrasaundi. Miguu haikuwa na kitu. Ndipo wakampeleka kwenye CT, na mabonge yakaonekana, madogo madogo kadhaa, yametulia ndani ya mapafu. Heparini ikaanza kutiririka mishipani.

Mambo hayakuishia hapo. Kikohozi kilikuwa kikali hata kikafumua kidonda cha upasuaji. Akarudishwa chumba cha upasuaji, wakakuta damu nyingi imevuja na kujikusanya tumboni. Mtu aliye kwenye heparini kidonda kikifumuka, damu haina haraka ya kusimama. Akarudishwa mara ya tatu, safari hii kuwekewa kichujio ndani ya mshipa mkubwa, cha kunasa mabonge mengine yasipande mapafuni. Alipofika nyumbani alilala kitandani wiki sita.

Nimeisimulia habari hii kwa kirefu kwa sababu ina pande zote mbili za mazungumzo ya leo ndani ya mwili mmoja na ndani ya wiki moja: damu iliyoganda pasipotakiwa, na damu iliyovuja pasipotakiwa. Sizungumzii hemofilia ya kurithi, ugonjwa wa damu isiyoganda vizuri ambao mtoto huzaliwa nao na mama huugundua mtoto anapoanza kutambaa na kuota michubuko. Nazungumzia mtu aliyeishi miaka yake yote akijikata kwa kisu cha jikoni na damu ikikatika yenyewe, asifikirie kitu. Kisha akapasuliwa, na damu ile ile aliyoizoea ikabadilika tabia.

Kwa nini ibadilike? Upasuaji mkubwa, hata ukifanywa na mikono bora duniani, kwa mwili ni jeraha. Mwili haujui kama kisu kilikuwa cha daktari au cha jambazi. Nyama iliyokatwa humwaga kemikali zinazoamsha kuganda kwa damu. Ini huongeza fibrinojeni, ile protini inayofuma nyuzi za bonge. Chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, huwa tayari kushikana. Zote hizo ni hatua za kujiokoa. Lakini wakati huo huo mgonjwa amelala chini ya dawa ya usingizi kwa saa kadhaa, kisha amelala wodini kwa siku kadhaa, na misuli ya mashavu ya miguu, ambayo kazi yake mojawapo ni kuikamua damu irudi juu kuelekea moyoni, imekaa bure. Damu iliyo tayari kuganda, mishipa iliyoguswaguswa, na mwendo uliopoa. Mambo hayo matatu huhusishwa na jina la Rudolf Virchow, daktari wa Kijerumani aliyeandika kuhusu mabonge ya damu mwaka 1856, na mpaka leo mwanafunzi wa udaktari asiyeyajua hafaulu mtihani.

Bonge likijijenga ndani ya mguu, mguu huo huvimba na kuuma. Likikatika, husafiri na damu mpaka kwenye moyo, likasukumwa mpaka mapafuni, likakwama. Likiwa dogo, mtu anahema na kifua kinamchoma akivuta pumzi. Likiwa kubwa, mtu anaanguka akienda chooni, na waliokuwepo wanasema alikuwa mzima, alikuwa anazungumza nasi sasa hivi.

Wengi wetu tunadhani hatari ni siku ya upasuaji. Ndugu wanakaa nje ya mlango, wanasali, wanahesabu saa. Mlango ukifunguliwa na daktari akasema kila kitu kimekwenda vizuri, watu wanapumua, wengine wanarudi kazini. Takwimu zinasema vingine. Utafiti uliofanywa katika nchi 25 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2018, uliowafuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000, ulikuta kwamba theluthi moja ya upasuaji wote ilikuwa ni wa kina mama kujifungua, na kwamba katika kila watu 100 waliofariki, 94 hivi walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Si kwa mabonge peke yake. Kuna maambukizi, kuna kuvuja damu, kuna mengi. Ila kalenda ndiyo hiyo.

Na kwa mabonge, kalenda ni ndefu zaidi. Huko Uingereza walifuatiliwa wanawake karibu milioni moja wa umri wa kati, matokeo yakatoka mwaka 2009. Miongoni mwa waliolazwa na kupasuliwa, mmoja katika kila 140 alirudi hospitali na bonge la damu ndani ya wiki 12. Kwa wasiopasuliwa, katika muda kama huo, alikuwa mmoja katika 6,200. Na hatari haikufika kileleni siku ya kwanza wala ya pili. Ilifika kileleni katika wiki ya tatu.

Wiki ya tatu, msikilizaji, mgonjwa yuko wapi? Nyuzi zimeshatolewa. Amesharudi nyumbani. Daktari aliyempasua ameshapasua wengine wengi na hamkumbuki kwa sura. Aliyetoka Songea kuja Muhimbili ameshapanda basi. Na basi lenyewe nalo tulizungumzie, maana ni sehemu ya ugonjwa: mtu ametoka kupasuliwa, anakaa kutwa nzima magoti yamekunjwa, mkoba mapajani, na maji hanywi kwa kuogopa kuchimba dawa njiani. Yote aliyoyaeleza Virchow yamo ndani ya kiti kile. Kama safari haiepukiki, omba kiti cha pembeni ya njia, kunywa maji, na gari likisimama shuka utembee hata kama umechoka. Na ukiwa umekaa, vizungushe vifundo vya miguu na kukanyaga sakafu kwa vidole kila baada ya muda.

Nyumbani ndiko ninakotaka kukaa kidogo. Pwani na sehemu nyingi za bara, mama aliyejifungua ana arobaini yake. Anawekwa ndani, anapikiwa uji wa pilipili manga, supu au mtori, anakandwa kwa maji ya moto, hashiki ufagio wala ndoo. Nimewasikia wataalamu wakiisema vibaya desturi hii, kana kwamba bibi zetu hawakujua walifanyalo. Mimi siungani nao. Hatari ya bonge la damu baada ya kujifungua ni kubwa zaidi katika wiki sita za mwanzo, na wiki sita ni siku 42. Katika kipindi kile kile ambacho mama yuko hatarini, mila imemwekea mtu wa kukaa naye usiku na mchana: mama yake, shangazi, mama mkwe, somo yake. Hakuna hospitali inayoweza kumwekea mgonjwa mlinzi wa namna hiyo kwa siku 40. Tatizo ni kwamba mlinzi huyu hajaambiwa aangalie nini.

Anaambiwa kidonda. Kikitoa usaha, mrudishe. Kikinuka, mrudishe. Kuhusu damu haambiwi neno. Basi nimwambie mimi leo. Shangazi, mama, itazame miguu ya mwanao. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, shavu la mguu likauma na kuwa la moto, usiseme ni kulalia vibaya. Usiukande. Usiuchue kwa mafuta. Kuchua mguu wenye bonge kunaweza kulikata likasafiri. Mfunike, tafuta gari, nendeni hospitali. Na akisema anakosa pumzi, au kifua kinamchoma akivuta hewa, au moyo unamwenda mbio akiwa amelala tu, au akikohoa damu, msingoje kukuche.

Jambo la pili, kupumzika na kulala si kitu kimoja. Mama wa upasuaji anatakiwa kuteremka kitandani mapema, mara nyingi ndani ya siku moja, akishikwa mkono, na akirudi nyumbani atembee ndani ya nyumba na uani mara kadhaa kwa siku. Asichote maji, asibebe mzigo, asisonge ugali wa watu kumi. Hayo yote arobaini imemwondolea na ni haki yake. Lakini atembee. Na mzee aliyewekewa nyonga ya chuma, au aliyetolewa uvimbe tumboni, ambaye hana arobaini, atafutiwe yake: mtu mmoja katika nyumba apewe kazi ya kumwangalia kwa miezi mitatu.

Hapo kwenye kukosa pumzi nataka kusema na wenzangu wa wodini pia. Tunajua maneno yanayotumika. Ni gesi hiyo, mama. Una wasiwasi tu, jaribu kulala. Serena alikuwa na mataji makubwa 23, fedha, chumba chake peke yake, historia ya ugonjwa iliyoandikwa, na kinywa kilichotaja kipimo kwa jina. Bado alidhaniwa amechanganyikiwa. Sasa mfikirie binti wa miaka 19 aliyelala wawili kitanda kimoja, ambaye ameambiwa tangu ahudhurie kliniki ya kwanza kwamba asiwasumbue manesi. Huyo atasema mara moja, kwa sauti ndogo, na akijibiwa ni gesi hatasema tena.

Tugeuke upande wa pili, upande wa damu inayokataa kuganda. Huu hujitokeza mapema zaidi, mara nyingi mezani penyewe au saa chache baadaye, na sababu zake ni za kusikitisha kwa sababu nyingine tunazitengeneza tukiwa tunamwokoa mgonjwa. Mtu amepoteza damu nyingi. Mtu mzima ana kama lita tano tu. Anawekewa maji ya chumvi, dripu juu ya dripu, ili presha isianguke. Presha inapanda, ila damu iliyobaki imezimuliwa, na zile protini za kugandisha zimezimuliwa nayo. Kisha benki ya damu inaleta chupa za chembe nyekundu, ambazo hubeba hewa safi vizuri lakini hazina chembe sahani za kutosha wala plazma ya kutosha. Halafu mgonjwa mwenyewe amepoa: chumba kina kiyoyozi, tumbo liko wazi, maji aliyowekewa yametoka kwenye kabati. Protini za kugandisha damu zimezoea joto la nyuzi 37. Zikishushwa hadi chini ya 35 zinalegea. Damu nayo inachachuka kwa kukosa hewa, na katika hali hiyo kuganda kunazidi kudorora. Mgonjwa anazidi kuvuja, anapewa maji zaidi, anazidi kupoa. Blanketi na kuyapasha moto maji ya dripu ni tiba hapo, na ni tiba ya bei ndogo.

Kuna hali nyingine ya ajabu kuliko hiyo. Kondo la nyuma likibanduka kabla ya wakati, au mtoto akifia tumboni akakaa siku nyingi, au maambukizi makali yakiingia kwenye damu baada ya upasuaji wa utumbo, damu huanza kuganda kila mahali kwa pamoja, ndani ya mishipa midogo mwilini kote, mahali pasipo na jeraha lolote. Vigandishi vyote vinatumika huko. Inakuwa kama fundi aliyeimaliza saruji yote kupiga plasta ukuta wa uani. Mvua inapobomoa ukuta wa mbele hana hata kilo. Ndipo unaona damu inatoka kwenye fizi, kwenye tundu la sindano iliyochomwa asubuhi, kwenye mkojo, kwenye kila mshono. Daktari wa upasuaji anatafuta mshipa unaovuja aufunge, na haupo. Anayeendelea kushona hapo anapoteza muda. Kilichoharibika ni damu yenyewe, na chanzo chake kisipoondolewa, mtoto akatolewa au usaha ukasafishwa, hakuna dripu itakayotosha.

Utajuaje, kama uko hospitali ya wilaya na maabara imefungwa usiku? Madaktari wanaotibu walioumwa na nyoka wana kipimo chao cha miaka mingi. Chukua kichupa cha kioo, kikavu na kisafi, kisiwe cha plastiki wala kilichooshwa kwa sabuni, maana vyote viwili vinadanganya. Tia mililita mbili za damu mbichi. Kiache kimesimama bila kukigusa kwa dakika 20. Kisha kiinamishe. Damu ikitiririka, damu hiyo haigandi, na sasa unajua unapigana na nini: omba plazma, omba damu nzima iliyotolewa karibuni, ita ndugu wachangie. Chembe sahani hudumu siku tano tu baada ya kutolewa, tena katika joto la chumba na zikitikiswa muda wote, ndiyo maana hospitali nyingi ndogo hazinazo kabisa. Kipimo hiki hakihitaji umeme, na ningependa kukiona kimebandikwa ukutani katika kila wodi ya wazazi.

Kuna dawa moja lazima niitaje, kwa heshima ya aliyeitafuta. Utako Okamoto alikuwa daktari wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1918. Yeye na mumewe Shosuke walitafuta dawa ya kuzuia mabonge ya damu yasiyeyuke mapema, wakimfikiria hasa mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Alikosa mtu wa kumwachia binti yake, akawa anafanya kazi maabara mtoto yuko mgongoni. Wasikilizaji wangu wa kike hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1962 walitangaza asidi ya traneksamiki. Madaktari wa uzazi wa Kobe hawakukubali kuijaribu kwa wazazi, na dawa ikaenda kutumika kwingine, kwa meno na kwa hedhi nzito. Ikapita miaka zaidi ya 50. Ndipo ukafanyika utafiti wa wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, matokeo yakachapishwa mwaka 2017: ikitolewa ndani ya saa tatu tangu mama aanze kuvuja, vifo vinavyotokana na kuvuja damu hupungua kwa karibu theluthi moja. Na hofu kwamba ingesababisha mabonge haikuthibitika. Bibi Okamoto alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 98.

Saa tatu, lakini. Baada ya hapo faida inayeyuka.

Hali nyingine nitazipitia haraka. Mgonjwa aliyekaa wiki mbili bila kula vizuri baada ya upasuaji wa tumbo, huku anapewa antibayotiki zinazoua hata bakteria wema wa utumboni, anaweza kuishiwa vitamini K, na bila vitamini hiyo ini halitengenezi vigandishi kamili. Sindano moja hurekebisha. Ipo pia hemofilia ya ukubwani, ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia protini moja ya kugandisha; huwapata zaidi wazee, na mara chache wanawake waliojifungua karibuni, na ni nadra sana, mtu mmoja au mmoja na nusu hivi katika milioni kwa mwaka. Dalili yake ni michubuko mikubwa ya zambarau bila kugongwa, na daktari akiona hivyo akiweke kisu chini mpaka damu ipimwe.

Halafu kuna kinyume cha mambo: heparini, dawa ya kuzuia mabonge, kwa watu wachache husababisha mabonge. Kinga ya mwili huitambua dawa pamoja na chembe sahani kama adui, chembe sahani zinashuka kati ya siku ya tano na ya kumi, na badala ya mtu kuvuja anaganda. Dawa inasimamishwa, inatafutwa nyingine. Heparini tangu mwanzo wake ni dawa ya kinyume. Mwaka 1916 huko Baltimore, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Jay McLean alikuwa anatafuta kitu cha kugandisha damu, akakuta kinachoizuia isigande.

Na kwa kuwa wengi wanaonisikiliza ni Waislamu, niseme wazi jambo ambalo hospitalini halisemwi: heparini inayotumika sehemu kubwa ya dunia hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Mgonjwa ana haki ya kulijua. Kanuni ya dharura mnaijua kuliko mimi, na ipo fondaparinuksi inayotengenezwa maabara bila mnyama, ingawa si kila famasi inayo. Ulizeni kabla ya upasuaji, sheikh na daktari wote wakiwa wanapatikana, kuliko kukataa sindano saa nane za usiku.

Nimalizie na vidonge vya kwenda navyo nyumbani. Aliyepatwa na bonge hupewa dawa kwa miezi mitatu au zaidi, na kwetu wengi bado hupewa wafarini kwa sababu ya bei. Asili yake ni ng'ombe. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa kaskazini mwa Marekani na wa Kanada walikuwa wakifa kwa kuvuja damu baada ya kula majani yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alisafiri katikati ya dhoruba ya theluji na mtamba aliyekufa, debe la damu isiyoganda na mzigo wa majani yenyewe, akafikia kwa mwanakemia Karl Paul Link. Kutokana na kazi ya Link ikapatikana wafarini, ikauzwa kwanza mwaka 1948 kama sumu ya panya, kisha ikaruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Mwaka uliofuata alipewa Rais Eisenhower wa Marekani alipopata shambulio la moyo. Kwa hiyo jirani akikwambia unakula sumu ya panya, hakusema uongo. Kiasi ndicho kinachotofautisha.

Kiasi hicho hufuatiliwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR, na kwa wengi jibu lake hutakiwa liwe kati ya 2 na 3. Wafarini hufanya kazi kwa kuzuia vitamini K, na vitamini K imejaa kwenye mchicha, kisamvu, matembele na spinachi. Watu wakisikia hivyo wanaacha mboga kabisa, jambo ambalo si lazima. Kula kiasi kile kile unachokula siku zote. Kinachovuruga ni kukaa mwezi bila mboga, kisha kwenda msibani ukala sinia zima la kisamvu. Mama anayenyonyesha anaweza kutumia wafarini, na heparini pia. Vile vidonge vipya visivyohitaji INR havishauriwi kwake. Mwenye mimba asiitumie wafarini bila daktari, maana humdhuru mtoto tumboni. Ukienda kuchagua uzazi wa mpango mtaje nesi kwamba uliwahi kupata bonge, kwa sababu vidonge vyenye estrojeni havikufai tena.

Na dukani. Mgongo umeuma, umeenda duka la dawa la mtaani, umeomba diklofenaki, au aspirini, au ile ya rangi mbili anayotumia dada yako. Juu ya wafarini, dawa hizo zinaweza kukutoa damu tumboni ukaiona chooni ikiwa nyeusi tii. Omba parasetamoli, na usizidishe. Anayeuza hana njia ya kujua unatumia nini. Mwonyeshe karatasi yako.

Muda wangu umekwisha. Juma lijalo, saa kama hii, tutakuwa na mtaalamu wa benki ya damu atueleze chupa moja inapita mikono mingapi kabla ya kufika wodini, kwa hiyo andaeni maswali.